Cheti cha Kavata

Kila Jumamosi, akishateka maji na kupalilia maharagwe, Mutindi aliteremka vijia vya Kilungu hadi ofisi ya kanisa. Shangazi yake, Nzilani, alikuwa karani hapo, na mwaka huo wa 1996 ofisi ilikuwa imepata kompyuta. Nzilani alimfundisha kuandika programu, mstari kwa mstari, naye msichana huyo wa miaka kumi na mitatu akaipenda kazi hiyo hata akasahau njaa.

Sherehe ya Shule ya Jumapili ilipokaribia, Mutindi aliandika programu ya kuchapa vyeti. Kila cheti kingekuwa na jina la mtoto, kisha "mwana wa" na jina la baba.

"Umeijaribu kwa mtoto ambaye jina la baba yake halikuandikwa?" Nzilani akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

Hakuwa ameijaribu. Alikuwa na hamu ya kuona karatasi zikitoka. Vyeti arobaini vikachapwa, vikagawiwa Jumapili.

Jumatatu jioni, Mutindi akitoka shuleni, alimkuta Kavata akimngoja njiani. Kavata alikuwa na miaka saba, na alilelewa na nyanya yake, aliyemwita susu.

"Dada, kumbe baba yangu ni Mzee Muthama?" akauliza, akikunjua cheti chake. "Nimepita kwake kumwamkia. Sikumkuta. Nitarudi kesho."

Mutindi akasoma: Kavata, mwana wa Muthama. Muthama alikuwa baba yake Kasyoka, mtoto aliyemtangulia Kavata kwenye orodha. Nafasi ya baba ya Kavata ilikuwa tupu, na kompyuta, ilipokosa jina jipya, ilirudia lile la mwisho.

"Hapana, Kavata," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Kavata hakulia. Alikikunja cheti polepole, akaitazama miguu yake. Mutindi akamshika mkono, wakaenda ofisini kabla haijafungwa.

"Shangazi, nilikudanganya," Mutindi akasema mlangoni. "Sikuijaribu."

Nzilani alisikiliza yote, kisha akavuta kiti cha pili. Mutindi akaongeza mistari miwili. Wa kwanza ulifuta jina la zamani kabla ya kila mtoto. Wa pili uliuliza kama jina lipo. Likikosekana, kompyuta ichape jina la mtoto peke yake. Safari hii aliijaribu kwa nafasi tupu mara tatu.

"Ungependa tuandike jina la nani?" akamwuliza Kavata.

"La susu. Susu Ndeti."

Mutindi akaliandika, akabadili "mwana wa" kuwa "mjukuu wa". Cheti kikatoka: Kavata, mjukuu wa Ndeti. Mtoto akakisoma kwa sauti.

"Nipe viwili," akasema. "Kimoja cha susu."

Alipoondoka mbio, Nzilani akamgeukia Mutindi.

"Mahali usipojua, acha wazi, kisha waulize wenyewe. Kompyuta haioni haya, itaandika lolote utakaloiachia. Na ukiulizwa kama umejaribu, nawe hujajaribu, sema hujajaribu. Mapenzi yangu kwako hayatapungua kwa hilo."

"Nimesikia, shangazi," Mutindi akasema. Akaivuta orodha, akaanza kukagua majina mengine thelathini na tisa, moja baada ya jingine.