Inchi Mbili za Huruma

Nilipokuwa darasa la sita, kazi yangu ya kwanza nikitoka shule haikuwa kula wala kubadilisha sare. Ilikuwa kusikiliza cherehani. Nilisimama kwenye mlango wa chumba cha ushonaji cha mama, mkoba ukiwa bado mgongoni, nikatega sikio. Kama cherehani ya umeme ilikuwa inanguruma, mambo yalikuwa shwari. Ikinyamaza katikati ya mshono, nilijua mama amesinzia, na hapo nilikohoa kwa nguvu au nikaangusha mkasi sakafuni.

"Niko macho!" mama alisema kila mara, kichwa kikiinuka ghafla. "Nilikuwa naufikiria mshono."

"Mshono gani huo unaofikiriwa kwa kukoroma, mama?"

"Sindano, usinichokoze. Lete kitambaa."

Sindano ni jina nililopewa na wateja, kwa kuwa nilikuwa mwembamba na, kama walivyosema wao, mdomo wangu ulikuwa na ncha. Mama alikuwa kinyume changu. Alikuwa mnene, mcheshi, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya fundi yeyote mtaani kwetu. Lakini mwaka ule ucheshi wake ulikuwa umenywea. Aliamka amechoka, akashinda amechoka, akalala amechoka. Baba alikuwa mlinzi wa zamu za usiku, kwa hiyo hakusikia nilichokisikia mimi kutoka chumba cha pili. Mama alikoroma, kisha kukawa kimya, kimya kirefu, halafu pumzi ikarudi kwa kishindo kama ya mtu aliyeibuka majini. Wakati wa kile kimya nilijikuta nami nimebana pumzi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimechoka kama bibi kizee.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwapima wateja. Mama alinifundisha kupitisha utepe kiunoni na kuusomea mgongoni, mteja akitazama mbele. Alinifundisha na jambo jingine ambalo lilikuwa siri ya chumba chetu.

"Mteja mnene usimtangazie kiuno chake mbele za watu," aliniambia. "Ukisoma arobaini na nne, taja arobaini na mbili. Mimi nikiandika nitaongeza mbili. Yeye ataondoka anatabasamu, na gauni litamtosha."

Ndivyo tulivyofanya, na wateja walitupenda kwa hilo. Hakuna aliyeondoka kwetu amenuna.

Siku moja mama alishona mkono wa gauni kwenye tundu la shingo. Gauni lilikuwa la muuguzi wa kliniki ya jirani. Nilidhani atafoka, lakini alilikunja tu gauni lake la ajabu na kumtazama mama usoni.

"Fundi, usiku unalala?"

"Nalala sana tu."

"Na ukiamka, unakuwa umepumzika?"

Nilijibu mimi. Nilimweleza habari ya kile kimya cha usiku. Muuguzi aliweka gauni mezani.

"Kesho asubuhi nakutaka kliniki," alimwambia mama. "Na hili si ombi."

Baada ya vipimo vya siku kadhaa tulielezwa ugonjwa wenyewe. Mama akilala, koo lake lililegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi ilikatika, mwili ukashtuka ukamwamsha bila yeye kujua, na hali hiyo ilijirudia mara nyingi kila usiku. Ndiyo maana alilala kwa saa nane na kuamka kama aliyelala kwa saa moja tu. Kliniki ilimwazima mashine ndogo yenye bomba na barakoa, ya kusukuma hewa ili koo libaki wazi.

"Mashine itakulinda ukiwa usingizini," muuguzi alisema. "Ukipunguza uzito, koo nalo litapata nafuu, ila hiyo ni kazi ya polepole. Usiiache mashine mpaka sisi wenyewe tukupime tena na kukuruhusu."

Tulipotoka, tulimkuta mtu ameketi kwenye benchi la nje, ameshika mfuko wa mashine kama wetu kabisa. Alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu huyu alikuwa na tabia ya kusinzia tukiwa tunafanya mazoezi, na darasa zima lilimwita Bi Sinzia. Jina hilo nilikuwa nimelitunga mimi.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema nikitazama viatu vyangu.

"Marahaba, Sindano." Kisha akauona mfuko wa mama. Akauinua wake. "Fundi! Kumbe na wewe?"

"Na mimi, Mwalimu. Nimepewa pua ya tembo niende nayo nyumbani."

Walicheka mpaka benchi likalia. Kisha mwalimu akafuta macho na kusema kwa sauti ya chini, "Nimeambiwa nipungue. Nimejaribu peke yangu mara tatu. Peke yangu siwezi."

"Basi tusiwe peke yetu," mama akasema.

Makubaliano yao yalikuwa mepesi. Kila jioni mwalimu angempitia mama, watembee hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Soda zingeachwa, na sahani ingepakuliwa mara moja tu. Kila Jumamosi wangepimwa viuno, na mpimaji ningekuwa mimi, kwa sababu kila mmoja alikiri kwamba akijipima mwenyewe atajipendelea.

Majuma mawili ya kwanza yalikuwa mazuri. Mama alilala na barakoa yake, na mimi nikaanza kusahau kukohoa mlangoni. Jioni wakirudi, nilisikia utani wao kabla sijawaona.

"Fundi, leo umenikimbiza kama mwizi."

"Wewe ndiye ulikuwa unakimbia. Ulinusa maandazi ya watu, ukaogopa miguu isikusaliti."

Kiuno cha mama kilitoka arobaini na sita kikawa arobaini na tano. Halafu kikagoma. Juma la tatu, arobaini na tano. Juma la nne, vilevile. Cha mwalimu nacho kiligoma. Jumamosi ya nne mama aliketi kwenye kiti cha wateja, viatu vimejaa vumbi, akaangalia miguu yake.

"Nimechoka, Mwalimu. Nikinywa maji tu nanenepa. Mimi naona niache."

"Ukiacha wewe, na mimi nimeacha," mwalimu alijibu, naye alionekana kama anayengoja ruhusa.

Niliogopa. Niliona mashine ikirudishwa, kile kimya kikirudi, na mimi nikirudi kubana pumzi gizani. Jumamosi iliyofuata niliusoma utepe mgongoni kwa mama. Arobaini na tano. Nikafungua kinywa na kusema, "Arobaini na tatu!"

Mama alipiga vigelegele. Nilipompima mwalimu, naye nilimkatia mbili. Jioni ile walitembea hadi kwenye tangi mara mbili. Nilijiambia kwamba sijadanganya. Nilikuwa nimewatia moyo tu, kama mteja yeyote.

Lakini uongo una njaa. Juma lililofuata ilinibidi nikate zaidi, la sivyo ingeonekana kwamba viuno vimegoma tena. Wiki mbili baadaye nilitangaza arobaini na moja. Mama alivaa magauni mapana na mwalimu alivaa sketi za lastiki alizoshonewa na mama mwenyewe, na lastiki haitoi ushahidi. Hawakuwa wakiona nilichokiona mimi mgongoni.

Asubuhi moja nilikuta mashine imerudishwa ndani ya boksi lake, bomba limekunjwa vizuri.

"Mama, mbona umeifunga?"

"Inchi tano, mwanangu! Mtu aliyepungua inchi tano anavaa pua ya tembo ya nini? Isitoshe, barakoa inaniwasha."

"Lakini muuguzi alisema..."

"Muuguzi hajaona kiuno changu."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nilichukua mkoba nikaenda shule.

Siku tano baadaye mama alikuwa amerudi kuwa yule wa zamani, macho mazito, maneno machache. Jumatano nilimkuta akishona sare za shule, nikaona cherehani inanguruma, nikaridhika. Nikatoka nje kukung'uta mkeka. Sikujua kwamba mguu wa mtu aliyesinzia unaweza pia kulala juu ya kanyagio. Cherehani ilinguruma kwa kasi isiyo ya kawaida, kisha nikasikia mama akilia.

Nilimkuta kidole cha shahada kikiwa chini ya sindano. Ilikuwa imepenya ukucha hadi upande wa pili. Niliushika mkono wake nikataka kuuvuta.

"Usivute!" Ilikuwa sauti ya mwalimu, aliyekuja kumpitia mama kwa matembezi. Alizima umeme, akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, polepole, mpaka sindano ikapanda juu yenyewe. Kisha akakifunga kidole kwa kipande cha sare nyeupe. Damu ilipita kwenye kitambaa haraka.

Mwalimu alitusindikiza kliniki. Huko muuguzi alisafisha jeraha, akamdunga mama dawa, ndipo akauliza, "Fundi, ulisinzia. Mashine unaitumia?"

"Niliiacha. Nimepungua inchi tano, dada."

Muuguzi alikunja uso. Alimpandisha mama kwenye mzani, kisha akachukua utepe wake mwenyewe na kumzungushia kiunoni. Aliusomea mbele, mama akiona. Arobaini na nne na nusu.

"Haiwezekani," mama alisema. "Utepe wako umelegea. Binti yangu alisoma arobaini na moja." Akageuka kunitazama. "Si ndivyo, Sindano?"

Chumba kilikuwa kidogo na hakukuwa na pa kujificha. Nilianza kulia kabla ya kusema.

"Nilipunguza, mama. Mlitaka kuacha. Niliogopa ungeacha mashine."

"Na mashine nikaiacha," mama akasema taratibu. Alikitazama kidole chake kilichofungwa bandeji. "Nani amekufundisha kumpunguzia mtu kipimo?"

Sikutaka kujibu, lakini alikuwa ameuliza, na nilikuwa nimechoka na uongo. "Ni wewe, mama. Ukisoma arobaini na nne, taja arobaini na mbili."

Mama alifumba macho. Nilidhani amekasirika, kumbe machozi yalikuwa yanamtoka.

Mwalimu aliingilia kati. "Msimlaumu mtoto peke yake," alisema. "Nina sketi moja ya zipu kabatini. Kila Jumapili niliijaribu, na kila Jumapili zipu iligoma palepale. Mwalimu mzima wa hesabu! Niliona kwamba hesabu haikubali, lakini nililipenda jibu."

"Mwalimu," nilisema, maana siku ile niliamua kumaliza yote, "na lile jina la Bi Sinzia nililitunga mimi."

"Najua. Mwandiko wako ubaoni naufahamu."

Mama alicheka katikati ya machozi, kisha akanivuta kwa mkono wake mzima.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kosa la kwanza ni langu. Nilikufundisha kwamba ukimpenda mtu, umpunguzie ukweli. Mteja alinusurika kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuziongeza zile inchi mbili. Mimi sikuwa na wa kuniongezea. Sema kipimo kama kilivyo, kisha umtie mtu moyo. Moyo unaotiwa kwa uongo hauna miguu ya kutembea."

"Na arobaini na nne na nusu si haba," muuguzi aliongeza akifunga sanduku lake la dawa. "Ni inchi moja na nusu ya kweli. Mngeijua, mngeifurahia."

Wiki mbili zilizofuata mama hakuweza kushika kitambaa. Mimi nilishona vifungo, mwalimu alikuja kushona pindo zilizonyooka, na mama aliketi akituamuru. Desturi ya chumba chetu ilibadilika. Hatukutaja tena kipimo cha mtu kwa sauti. Niliandika namba halisi kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja, nikampa mama mkononi. Wateja waliendelea kutabasamu.

Jumamosi ya kwanza baada ya ajali niliwapima watembeaji wangu wawili. Nilitaja vipimo kama vilivyo: cha mama kilekile cha kliniki, na cha mwalimu nacho hakikuwa kimeshuka. Mama alishusha pumzi ndefu.

"Miguu inaniuma, Mwalimu."

"Na yangu pia. Vaa viatu."

Nilikwenda nao. Hatukuimba wala hatukukimbia. Tulifika kwenye tangi la maji, mwalimu akaligusa kwa kiganja, mama akaligusa kwa mkono wenye bandeji, tukarudi.

Usiku ule nilisikia mashine ikivuma taratibu kutoka chumba cha mama, bila kukatika. Nilitega sikio kwa mazoea, nikingoja kile kimya. Hakikuja, na nikiwa bado nakingoja, usingizi ukanichukua mpaka asubuhi.