Kompyuta Yenye Prosesa Mbili

Mama Pacha alibonyeza kitufe, kisha akaenda kufua.

Ndivyo alivyozoea. Kazi yake ilikuwa kuhariri video, na kompyuta yake ilikuwa imechoka. Akiiagiza itoe video iliyokamilika, alipata muda wa kufua, kuanika na kubandika chakula jikoni. Mara nyingi alirudi na kukuta skrini imeganda.

"Tena," alisema siku hiyo, mikono ikichuruzika maji. "Imekwama palepale."

Zamani hali hiyo ilimuudhi tu. Sasa ilimtia hofu. Chuo cha wakunga kilikuwa kimempa kazi kubwa: video ya kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Mama Pacha alikuwa ameshinda wodini siku nyingi na kamera yake, kwa ruhusa ya akina mama wenyewe. Wanafunzi wapya walikuwa karibu kufika. Na kila alichopiga kilikuwa ndani ya kompyuta hiyo, hakikuwa mahali pengine popote.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa seremala mwenye karakana nyuma ya nyumba. Hakupenda kumlipa fundi mwingine. Bomba likivuja, alilifungua mwenyewe. Kitasa kikigoma, alikifungua mwenyewe. Aliwahi kutengeneza redio, mwavuli na pasi. Vingi vilipona. Pasi haikupona.

Jioni hiyo alirudi akisukuma mkokoteni. Juu yake kulikuwa na makasha mawili ya chuma, mazito na yenye vumbi.

"Mume wangu, hivi ni vitu gani?" Mama Pacha aliuliza.

"Kompyuta za wahandisi. Ile ofisi niliyowatengenezea makabati wamenunua mpya, wakanipa hizi bure. Na si kompyuta za mchezo. Kila moja ina prosesa mbili."

Prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu zote. Kompyuta nyingi za nyumbani zina moja tu.

"Mbili," alirudia Baba Pacha. "Maana yake kazi ya siku nzima itaisha nusu siku. Nachukua vizuri vya hii, nachukua vizuri vya ile, nakuundia moja ya nguvu."

"Sawa. Mwite wifi aje akusaidie."

Baba Pacha alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wifi aliyetajwa alikuwa mdogo wake wa kike. Alikuwa fundi wa kompyuta hospitalini, na ingawa alitibu mashine tu, watu walimpachika jina la Dokta.

"Yule nimembeba mgongoni mpaka shati likaloa," alisema. "Leo anifundishe mimi kufungua skrubu?"

Akazifungua zote mbili, juu ya zulia la sebuleni. Chakula cha jioni kililiwa jikoni, kwa sababu sebuleni hapakuwa na pa kukanyaga. Pacha, ambao walikuwa wasichana wa darasa la pili, waliambiwa wasiguse kitu. Walitii. Aliyegusa vitu alikuwa baba yao.

Alipomaliza kuunga moja, zilibaki skrubu kadhaa kwenye kisahani.

"Na hizi?" mkewe aliuliza.

"Za ziada. Kiwandani huwa wanazidisha."

Aliwasha. Feni zilivuma kwa kelele, pazia likapepea. Kisha mashine ikaanza kulia: pii, pii, pii. Skrini ilibaki nyeusi. Baba Pacha akaipiga kofi la kirafiki ubavuni. Ikaendelea kulia.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo. Alifungua, akafunga, akawasha, ikalia. Mama Pacha alihariri huku ameziba masikio. Pacha walianza kuiga ule mlio wakiwa bafuni. Kila mkewe alipomkumbusha kuhusu wifi, Baba Pacha alijibu, "Imebaki kidogo."

Asubuhi moja Mama Pacha alikwenda chuoni kuzungumza na mwalimu wa wakunga. Aliporudi, alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Kompyuta yake mwenyewe, ile ya kazi, ilikuwa wazi mezani, matumbo nje.

"Nimeazima ramu tu," alisema Baba Pacha haraka. Ramu ni vile vijiti ambamo kompyuta huweka kile inachokifanyia kazi kwa wakati huo. "Zimeingia vizuri kwenye ile kubwa, lakini bado inalia. Nimekurudishia zako."

"Washa yangu."

Aliwasha. Taa ndogo iliwaka, feni ikazunguka. Skrini haikuonyesha kitu.

Mama Pacha alikaa kwenye kiti bila kuvua mkoba. "Video ya wakunga imo humo," alisema.

"Itawaka tu."

"Imo humo peke yake. Umeelewa ninachosema?"

Mkewe alitoa simu.

"Wifi, njoo. Kaka yako amefungua kompyuta."

"Ipi?" sauti ya Dokta iliuliza.

"Zote."

Dokta alifika baada ya kazi, jua likiwa bado juu, na begi lake dogo la vifaa. Alimsalimu kaka yake kwa heshima. Kisha akatazama zulia, akatazama mashine, akavuta pumzi.

"Kwanza hii ya wifi," alisema.

Alichomoa waya wa umeme. Akatoa diski, yaani kile kisanduku ambamo kazi zote huhifadhiwa. Akaiunganisha kwa waya kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi. Mafaili yakatokea kwenye skrini, moja baada ya jingine. Mama Pacha alisogea akayahesabu kwa kidole.

"Yapo," alisema kwa sauti ndogo.

"Yapo. Nayanakili sasa hivi kabla sijagusa kitu kingine. Kabla ya kufungua kompyuta yenye kazi ya mtu, nakili kazi yake. Kaka, hilo ndilo la kwanza kabisa."

"Sikuigusa diski mimi," alisema Baba Pacha.

"Ungeigusa kesho."

Kunakili kulipokwisha, Dokta alishika zile ramu. Moja ilikuwa imekaa upande. Aliichomoa, akaipanga sawa na mfereji wake, ule mwanya inamochomekwa, akaibonyeza pande zote mbili. Vishikio vya pembeni vikajifunga vyenyewe: ta, ta.

"Ukisikia mlio huo, imekaa. Usipousikia, bado."

Kompyuta ikawaka. Mama Pacha alivua mkoba.

"Sasa tuone hii ya pii, pii," alisema Dokta. "Kwa nini mnafanyia kazi juu ya zulia?"

"Zulia ni laini. Haliumizi," alijibu kaka yake.

"Unajua ukilisugua zulia halafu ukashika kitasa cha chuma, unapigwa na cheche ndogo? Wewe unashtuka tu. Kipande cha kompyuta kinaweza kufa, na usione hata alama. Fanyia kazi mezani. Chomoa umeme. Shika chuma cha kasha kwanza, ndipo uguse vya ndani."

Wakahamia meza ya chakula. Dokta alinyanyua chuma cha kupoza joto kinachokaa juu ya prosesa. Kilitoka kwa shida. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe. Alikigusa kwa ukucha, akakinusa.

"Kaka. Hii ni nini?"

"Kulikuwa na uchafu wa kijivu mkavu, nikaukwangua. Nikapaka gundi."

"Gundi gani?"

"Ya mbao. Ile nzuri."

Dokta alikaa. Mama Pacha alitazama dari.

"Ule uchafu wa kijivu," Dokta alisema hatimaye, taratibu, "ni pesti. Kazi yake ni kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma. Ikikauka, unaifuta kwa spiriti na kitambaa safi, unaweka nyingine, tone dogo katikati. Gundi haifanyi kazi hiyo. Prosesa ingeungua, au ingejizima kila ukiipa kazi."

Alifuta kila kitu kwa subira, akaweka pesti mpya kutoka kwenye begi lake. Baba Pacha alishika tochi.

Walipofika kwenye mashine ya pili, Dokta aliinamia mahali pa kuwekea prosesa. Palikuwa na visindano vidogo sana, vyembamba kama nywele. Upande mmoja vilikuwa vimelala.

"Uliilazimisha?"

"Niliisukuma kidogo."

"Kidogo cha seremala," alisema Dokta. "Prosesa haisukumwi. Inawekwa kwa uzito wake yenyewe, alama ya kona ikielekea alama ya kona. Ikigoma, umeigeuza vibaya. Ubao huu unaobeba prosesa umekufa, kaka. Tutatoa ramu na feni, basi."

Baba Pacha alitazama mikono yake, ile iliyotengeneza meza waliyokuwa wameegemea. "Nilidhani inabana tu," alisema. "Mlango ukibana, unausukuma."

"Najua. Ungeniita mapema."

"Ningekuita," alikubali. Ilimtoka kwa shida kama ile gundi.

Dokta akamwonyesha kwa nini mashine nzuri ilikuwa inalia. Akawaita na pacha waje kuona.

"Nyinyi mkikaa kula, mama anawapa sahani moja au mbili?"

"Mbili," walisema. "Huyu anakula haraka."

"Basi na prosesa hizi ni pacha. Kila moja ina waya wake wa umeme, na kila moja ina ramu zake, hapa kando yake. Baba yenu ramu zote ameziweka upande mmoja. Na waya wa umeme wa huyu wa pili unaning'inia, haujachomekwa popote. Tena alipoazima za wifi, alichanganya ramu za mashine hizi na za kompyuta ya nyumbani. Zinaingia kwenye mfereji uleule, lakini si aina moja, na hazifanyi kazi pamoja. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya ramu. Aina iwe moja, na zigawanywe sawa kwa sawa."

"Kwa hiyo nizichomeke zote upya?" aliuliza Baba Pacha.

"Hapana. Anza na kidogo. Prosesa moja, ramu moja. Ikiwaka, zima, chomoa umeme, ongeza kitu kimoja. Ikigoma, utajua ni kipi kimeleta ugomvi. Wewe uliweka vyote kwa pamoja, ukawa humjui mkosaji."

Safari hii mikono ilikuwa ya Baba Pacha na maneno ya Dokta. Alishika chuma kwanza. Alipanga ramu kwenye mfereji, akabonyeza, akasikia ta, ta. Wakawasha. Mashine ililia mara moja tu, mlio mfupi wa salamu, na maandishi yakatokea. Wakaongeza ya pili, kisha ile prosesa nyingine na waya wake. Maandishi yakaonyesha prosesa mbili.

"Sasa itakwenda mara mbili," alisema Baba Pacha.

"Si kwa kila kitu. Wewe na mwenzako mkipewa msumari mmoja, mtaupiga wawili? Lakini mkipewa viti vingi, mnagawana. Kutoa video ni viti vingi. Kufungua faili dogo ni msumari mmoja, hutaona tofauti. Na itakula umeme zaidi. Iwe na soketi yake ukutani, na kifaa cha kuzuia umeme unaoruka. Isikae na pasi kwenye waya mmoja. Wifi, utanunua diski mpya, ya aina isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hiyo itakusaidia kuliko yote."

Baba Pacha alikwenda karakana, akarudi na kabati dogo la mbao alilokuwa ameliandaa. Lilikuwa na mlango, limepigwa msasa mpaka linang'aa.

"Ni zuri sana," alisema Dokta. "Ukiifungia humo itakufa kwa joto."

Mama Pacha alitaka kucheka akajizuia. Lakini kuhusu mbao Baba Pacha hakuhitaji kufundishwa. Aliuliza tu hewa inaingilia wapi na kutokea wapi. Kesho yake mgongo wa kabati ulikuwa umeondolewa, mlango una matundu yaliyopangwa kwa mstari, na chini kuna miguu ya kuliinua kutoka sakafuni. Dokta alipita kulikagua, na hakukuta la kurekebisha.

Diski mpya ilipofungwa, Mama Pacha alihamishia kazi yake humo. Alimaliza kuhariri bila skrini kuganda hata mara moja. Asubuhi ya mwisho aliiagiza mashine itoe video, pacha wakiwa wanavaa viatu vya shule. Alipomaliza kuosha vyombo vya asubuhi, ilikuwa tayari.

Alimwita mumewe waitazame pamoja kabla ya kuipeleka chuoni.

Baba Pacha alikuwa hajawahi kuiona. Aliketi na vumbi la mbao nguoni. Kwenye skrini mtoto alizaliwa, akalala kimya, ngozi yake imebadilika rangi. Mkunga alimkausha kwa kitambaa, akamsugua mgongo. Kimya. Akamweka sawa kichwa, akafunika pua na mdomo kwa kifaa kidogo, akabonyeza puto la hewa taratibu. Kifua kikapanda, kikashuka. Baba Pacha alikuwa ameacha kupumua yeye mwenyewe. Kisha mtoto akakunja uso, akalia.

Video iliisha. Alikaa akiitazama skrini.

"Hii ndiyo iliyokuwa ndani ya ile diski," alisema, "siku ile nilipofungua kompyuta yako?"

"Ndiyo."

Alifuta uso kwa mgongo wa mkono.

"Tunazo nakala ngapi sasa?"

"Moja, ile aliyoichukua wifi kabla sijamaliza kuhariri."

Baba Pacha alisimama, akaenda kuchukua shati safi. "Usizime," alisema. "Naenda dukani kununua diski nyingine. Na nyumbani kwetu hapa, kuanzia leo, sifungui kitu mpaka nimekuuliza kimebeba nini."