Mwanamke Chini ya Paa

— Rahisi! Octave, umenishonea neno "rahisi" mgongoni?

Saluni nzima pale Berea, Joburg, iligeuka kumtazama. Médiatrice, msusi kutoka Bujumbura, alishika simu mkono mmoja, koti jipya mkono wa pili. Mchumba wake Octave, fundi cherehani mzaliwa wa Uvira, alimletea koti hilo asubuhi, siku mbili kabla wazee hawajaja kuzungumza mahari. Mgongoni alitarizi herufi moja ya Kijapani: 安.

Msusi mwenzake, Sumaiya, alikuwa ameipiga picha, simu ikatafsiri: "Rahisi. Bei ya chini."

— Média, nisikilize kwanza...

— Nimetembea nalo kutoka Bellevue mpaka hapa, Octave!

Akakata. Kisha akamtumia ujumbe:

"Waambie wazee wako wasije Jumamosi. Mume wangu wa kwanza alinitukana kwa mdomo. Wewe umenitukana kwa uzi."

Octave aliweka mkasi chini. Akafunga kibanda chake cha kushonea, akavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu, madereva wakimpigia honi, akaingia saluni jasho linamtiririka.

— Dada Sumaiya, naomba kalamu.

Akachora herufi ile juu ya boksi tupu la rasta.

— Nilifundishwa na mwalimu wa karate wa Kensington, yule ninayemshonea sare. Huku juu ni paa. Chini yake, mwanamke. Mwanamke ametulia kwake. Maana yake amani, usalama.

— Na "rahisi" ya kwenye simu? Médiatrice akauliza.

— Nayo ni kweli. Herufi ni ileile. Hata sisi, kazi rahisi na bei rahisi, si neno moja? Mwalimu aliniambia maana hiyo pia. Nikadhani hapa Joburg hakuna atakayesoma. Hapo nilikosea, Média. Nisamehe.

— Eish, na mimi na simu yangu, Sumaiya akanong'ona.

Médiatrice alilitazama lile boksi.

— Mbona ukachagua neno hilo?

— Kwa sababu mlango ukigongwa unashtuka. Hata nikigonga mimi. Tangu nikujue umehama vyumba vitano. Nikasema, kama siwezi kufuta ulikotoka, basi angalau nikuombee amani mgongoni.

Machozi yakamtoka Médiatrice. Mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa naye akajipangusa.

— Waambie waje, Octave.

Jumamosi wazee walikuja. Vénérand, baba mdogo wa Médiatrice, akamuuliza mbele ya wote:

— Mwanangu, tuwapokee wageni hawa?

Médiatrice akasimama.

— Wapokeeni, baba. Nimepewa vitu vingi na watu wengi, nawashukuru wote. Lakini huyu alinitazama mpaka akajua ninachoogopa, na hakunicheka. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Na wewe Octave, asante.

Octave alikuwa ameandaa hotuba, Kifaransa kidogo, Kiswahili kingi. Yote ikamtoka kichwani.

— Aksanti, akajibu, kwa Kiswahili cha kwao Uvira.

Vigelegele vikapigwa hadi majirani wakafungua madirisha. Walifunga ndoa Aprili.