Mbuzi Kabla ya Swali

Zamu ilikuwa inabadilishwa, na langoni pa kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River watu walijaa hadi barabarani. Mutheu, ndani ya gauni lake la rangi ya machungwa, alijipenyeza akisema samahani, samahani, mpaka akagongana na betri kubwa. Aliyeibeba begani alikuwa Ndolo, mpenzi wake. Tangu wakosane, Mutheu hakuwa amepokea simu yake hata moja.

"Niaje, mrembo?"

"Usiniite mrembo. Unatafuta nini hapa?"

"Nimetumwa nibadilishe betri za chumba cha seva. Nikaambiwa mwenye kadi ni wewe."

Bahati gani hiyo, jamani. Mutheu ndiye aliyetunza seva, zile kompyuta kuu za kiwanda, na bila yeye fundi hangeingia. Wakaingia, mlango ukajifunga. Mutheu alizima kila kitu, Ndolo akabadilisha betri, Mutheu akawasha tena. Kisha akaweka kadi mlangoni. Taa nyekundu. Akaiweka tena. Nyekundu.

"Tumefungiwa?"

"Nyamaza kwanza."

Mutheu alisoma skrini, akaona kosa ni lake. Programu ya mlango husoma majina ya wenye kadi kwenye hifadhidata. Yeye mwenyewe aliiweka, akasahau kuiambia ingoje hifadhidata iamke. Leo programu imeamka kwanza, ikauliza majina, ikakosa wa kuijibu, ikazimika. Chumba kilikuwa kidogo na joto lilishaanza kupanda.

"Mlango umefanya kama wewe," alisema bila kugeuka. "Umeanza kabla ya yule unayemtegemea."

"Kama ni hiyo maneno ya mbuzi..."

"Ulipeleka ntheo, mbuzi wa kufunga ndoa, kwetu Mwala. Mbuzi watatu, baba akapokea. Mama ndiye alinipigia simu kuniambia nishakuwa bibi ya mtu. Na wewe hujawahi kuniuliza, Ndolo. Nikikataa nimeaibisha wazazi, nikikubali nimelazimishwa. Nitokee wapi?"

Ndolo aliketi juu ya betri kuukuu. "Niliogopa nikikuuliza kwanza utakataa."

"Kwa hivyo ukanifungia."

Mutheu alimwonea huruma, na huruma ile ikamkasirisha zaidi, kwa maana alikuwa bado anampenda.

"Basi nakuuliza sasa, mpenzi. Utakubali nikuoe?"

"Hapa sijibu. Nikijibu tukiwa tumefungiwa, utajuaje kama nimependa?"

Akaandika mstari mmoja: mlango uanze baada ya hifadhidata. Akaiwasha programu upya. Taa ikawa kijani. Akatoka, akashuka ngazi, akavuka ua wenye jua kali mpaka langoni. Ndolo hakumfuata, na hakuna aliyemzuia. Mutheu alisimama pale, akashusha pumzi, kisha akampigia simu.

"Haya, uliza tena."

Ndolo akauliza tena.

"Nakubali," Mutheu alisema, machozi yakimtoka mbele ya walinzi. "Lakini Jumapili twende Mwala. Utawatoa hao mbuzi zizini, uwapeleke mpaka barabarani, halafu urudi nao upige hodi upya. Safari hii nitakufungulia mimi."