Jaribio Lilisema Yeye ni Simba

"Uko wapi?"

"Chooni. Kazini."

"Si mkutano umeshaanza?"

"Ndiyo maana niko chooni."

Binti fundi cherehani, simu sikioni, akaondoa mguu kwenye pedali. Mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Rangi, alikuwa mchanganya rangi za nyumba dukani. Alikuwa akimsikiliza mteja hata nusu saa, mpaka ampatie kijani kilekile cha ukuta wa marehemu mama yake. Kisha kampuni ikaleta jaribio la tabia, kila mfanyakazi alijibu kwenye simu yake. Majibu yakasema Rangi ni "Simba": jasiri, msemaji, kiongozi wa kuzaliwa. Haya, akafanywa mkuu wa mauzo! Tangu hapo hali wala halali, na mikono yake iliyokuwa haikosei hata tone sasa inatetemeka akishika kikombe.

"Nimetapika tena," alisema. "Jaribio linasema kazi hii naiweza. Sasa mimi nina kasoro gani?"

Jibu la swali hilo, siri yake alikuwa nayo binti. Mficha uchi hazai.

"Usiingie kwanza. Nakuja."

Alimkuta stoo, katikati ya makopo, tai imelegea.

"Unakumbuka ile siku unapiga pasi, mimi nakusomea maswali?"

"Nakumbuka."

"Kila swali ulisema inategemea. Unapenda kuongoza? Inategemea. Unapenda kuzungumza mbele za watu? Inategemea. Na jibu hilo halikuwepo!"

"Ukafanyaje?"

"Nikakujibia."

Rangi akavua tai.

"Ulinijibia mimi, au ulimjibia mwanamume unayemtaka?"

Swali lile lilimchoma binti, machozi yakamtoka.

"Baba alisema hamwozi binti yake kwa mkoroga rangi. Niliogopa kukukosa. Nikajibu vile ningejibu mimi."

"Kumbe Simba ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe, mpenzi."

"Muda wote huu nadhani nimeharibika, kumbe nimevalishwa nguo isiyo saizi yangu! Na wewe fundi nguo!"

Simu ikalia. Ujumbe wa bosi: "Mkuu wa mauzo, tunakungoja wewe tu."

Mikono ya Rangi ikaanza tena kutetemeka.

"Acha nikawaeleze mimi," binti alisema.

"Hapana. Leo nasema mwenyewe."

Akaingia mkutanoni. Binti alibaki mlangoni, sikio kalitega, roho mkononi.

"Bosi, naomba kurudi kwenye mashine yangu ya rangi."

"Wewe? Jaribio limesema ni Simba!"

"Lilimpima mchumba wangu."

Watu wakaangua kicheko. Bosi hakucheka.

"Unajua ukirudi chini, na mshahara unarudi chini?"

"Najua, bosi. Na wateja wangu pia wanarudi."

Alipotoka, mikono yake ilikuwa imetulia. Sasa anayetetemeka ni binti.

"Baba atakataa."

"Nitamfuata mwenyewe. Akinikataa, anikatae mimi, si Simba."

"Na wewe je? Baada ya haya yote, bado unataka kunioa?"

Binti alifumba macho, akijiandaa kulisikia lile neno lake, inategemea.

"Ndiyo," Rangi alisema.