Panya wa Kizimba cha Pili

Kila asubuhi Chiriku alisubiri nje ya choo, mswaki mdomoni, huku kaka yake akiugulia ndani.

"Kaka, umehamia humo?"

"Niletee na godoro."

Walicheka, lakini siku hizi kicheko chao kilikuwa kifupi. Utumbo wa kaka ulikuwa na vidonda. Aliharisha damu, akakonda, hata akaacha shule. Dawa za hospitali zilimpa nafuu kwa muda, kisha zikaacha kumsaidia.

Baada ya masomo Chiriku alipitia kwa shangazi, aliyetunza panya katika maabara ya utafiti. Chumba kilinuka maranda na dawa ya kusafishia. Panya weupe walikuwa wamefanywa wagonjwa makusudi, matumbo yao yakaumia kama la kaka. Wa kizimba cha kwanza walinyweshwa dawa mpya, iliyotengenezwa kwa vijidudu hai vyenye manufaa. Wa kizimba cha pili walinyweshwa maji matupu, ili tofauti ionekane.

"Kaa hapo. Usiguse kitu," shangazi alimwambia kila mara kabla ya kwenda kuosha vyombo.

Siku moja Chiriku aliona panya mmoja wa kizimba cha pili amejikunja pembeni peke yake, manyoya yamemsimama, anatetemeka. Alimkumbuka kaka. Akamtoa, akamweka kizimba cha kwanza, kati ya wale waliokuwa wameanza kuchangamka. Panya akajibanza kwenye joto lao, akaanza kutafuna vilivyokuwa chini. Kabla shangazi hajarudi, Chiriku alimrudisha kwao.

Baada ya siku chache kizimba cha pili chote kilichangamka. Chiriku alifurahi kimoyomoyo, mpaka alipoingia daktari aliyeongoza utafiti.

"Dada, tumefika mwisho," alimwambia shangazi. "Waliokunywa maji nao wamepona. Basi dawa haina lolote. Tunaiacha."

Shangazi akatua ndoo. "Na wagonjwa wanaoingoja?"

"Wangoje nyingine."

Chiriku alikitazama kizimba cha pili. Akisema, huenda shangazi akafukuzwa kazi. Akinyamaza, dawa ya kaka inatupwa.

"We Chiriku, leo umemeza ulimi?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, ni mimi." Akasimulia yote, machozi yakimtiririka.

Daktari alivuta kiti, akaketi. "Alipokuwa humo, alikula?"

"Alitafuna... vinyesi."

"Ndivyo panya walivyo. Huenda amekula vijidudu vya dawa kwenye kinyesi cha wale, kisha wenzake nao wakala kinyesi chake."

"Kwa hiyo dawa inaponya?"

"Sijui. Huenda wamepona kwa dawa, huenda wamepona wenyewe; kwa panya hawa sitajua kamwe. Itabidi tuanze upya, na wengine."

"Na hawa?"

Shangazi ndiye aliyejibu, macho yake sakafuni. "Watauawa. Kwa upole, lakini watauawa."

"Hata yule niliyemhurumia?"

"Hata yeye."

Shangazi alipewa onyo kali, na Chiriku akakatazwa kukanyaga tena chumba kile. Walirudi nyumbani pamoja. Walipofika mlangoni, shangazi akamshika bega.

"Mwanangu, sikulaumu kwa huruma yako. Nakulaumu kwa kuigusa kazi ya watu, kisha ukakaa kimya. Ungesema siku ileile, tungemtoa mmoja tu. Panya wale wanaumia ili sisi tupate ukweli. Ukiuficha, wameumia bure, na mgonjwa anapewa uongo badala ya dawa. Leo umesema, ingawa umechelewa. Siku nyingine usichelewe."

Asubuhi iliyofuata Chiriku alisimama tena nje ya choo, akamweleza kaka kila kitu kupitia mlangoni.

"Kwa hiyo wanaanza upya?" kaka aliuliza kutoka ndani.

"Wanaanza upya."

"Haya. Basi ngoja hapo." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na mimi nangoja."