Samli Kwenye Kitasa

Kila Jumamosi Joanitha alimsaidia baba yake, Onesphory, kuosha gari lao kuukuu nyumbani kwao Ijumbi. Siku hiyo alipewa kopo la oili alainishe kitasa cha mlango wa nyuma wa gari, kwa sababu kilikuwa kinakwama asubuhi za baridi. Kopo likamponyoka, oili yote ikamwagika. Akaogopa kusema. Alichota samli jikoni, akaipaka kwenye kitasa. Kwa jua la mchana mlango ulifungika vizuri, na baba akamsifu Joanitha, akamwita “fundi wangu.”

Jumapili ukungu ulitanda na baridi ilikuwa kali. Walikuwa wanakwenda Bukoba kwenye kipaimara cha binamu yao. Baba aliubamiza mlango, ukarudi. Akaubamiza tena, ukakaa. Wakaondoka. Isaac, mdogo wake Joanitha wa miaka minne, aliuegemea mlango akasinzia.

Kwenye mteremko Joanitha alisikia mlango ukigongagonga. Aliona upenyo. Samli ilikuwa imeganda, na kitasa hakikuwa kimeshika. Alimkamata Isaac shati. Alitaka kusema, akakumbuka alivyosifiwa, akanyamaza. Kwenye kona upenyo ulipanuka, upepo ukampiga usoni, akaiona lami ikikimbia chini.

“Baba, waitu, tafadhali simama,” alisema. “Mlango haujashika. Nilipaka samli. Oili niliimwaga.”

Baba alipunguza mwendo. Gari lilipokuwa linasimama, mlango ukafunguka wote. Miguu ya Isaac ilining'inia nje. Joanitha alikuwa amemkumbatia kwa mikono yote miwili.

Baba alishuka, akamrudisha Isaac kwenye kiti. Akachukua chupa ya chai yenye maji ya moto ya kukorogea maziwa ya Isaac, akayamimina kwenye kitasa.

“Gari nalo linakunywa?” Isaac aliuliza. Hakuna aliyecheka.

Samli iliyeyuka, baba akaifuta kwa kitambaa. Alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye injini, akadondosha matone kwenye kitasa, akakichezesha kwa bisibisi mpaka kikalegea. Kisha akamwambia Joanitha afunge.

“Kimeshika?”

“Sijui, baba. Ngoja niusukume kwa ndani.” Aliusukuma kwa nguvu. “Sasa kimeshika.”

“Uwe unanijibu hivyo siku zote,” baba alisema. “Oili iliyomwagika ningenunua nyingine. Ulinificha kwa kuogopa kugombezwa, na leo nusura nimzike mwanangu. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo, hata kama nimekwisha kukusifu.”